Korongo, Mwambieni Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimegeuza uso pembeni, kama nilivyofanya siku zote ulipokuwa hai. Binti yako Eliza ananicheka hapa mezani. "Mama hakuoni, bwana," anasema. "Andika vizuri, utaumia shingo bure." Mwache acheke. Miaka yote niliyokuwa mkwe wako hatukuwahi kula meza moja, wala kupeana mkono, wala kutazamana usoni, na sioni kwa nini adabu hiyo ife kwa sababu wewe umetangulia.

Unakumbuka nilivyofika Itaka? Kijana wa Mpemba, pale karibu na Tunduma, mtoto wa mpakani, niliyezoea kuwauzia Wazambia sabuni na mafuta ya kula. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi nikapanda na baiskeli yangu kutafuta kahawa huko kwenu, nikamwona Eliza, kahawa nikaisahau. Tulipooana nikajenga juu kilimani na wewe ukabaki chini, karibu na bonde. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana njia ilikuwa moja. Ukiniona naja unajitosa kwenye migomba. Nikikuona mimi, najitosa kwenye mibuni. Siku moja tuliingia sote kwenye migomba ileile, kila mtu akiamini mwenzake kabaki njiani, tukagongana katikati. Loo! Ulijifunika kanga kichwa kizima. Mimi nilitimua mbio nikaacha kiatu.

Kesho yake nikakusikia uani kwako ukiongea kwa sauti ya kufika kilimani: "Nyie kuku, huyu Mulishani kaacha kiatu chake kwangu. Kama anakitaka, amtume mke wake." Mulishani ndilo jina ulilonipa, kwa vile nilipofika kijijini niliwaamkia watu "Mulishani?", yaani hamjambo kwa Kibemba, kama tulivyozoea Tunduma. Nami nilikuwa naifuta vumbi baiskeli yangu, nikaiambia, "Umesikia, baiskeli? Wakwe zetu watu wazuri, kiatu hakijaliwa na mbwa." Nikasikia umekohoa. Eliza aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unacheka mpaka umekaa chini.

Basi tukapata njia yetu. Wewe ulisema na kuku, mimi na baiskeli, na mambo yote yakaenda: panga lililoazimwa, homa ya mtoto, mbegu za maharage. Lakini mambo makubwa hukuwaambia kuku. Hayo uliwaambia korongo.

Bonde lako lilikuwa la matope na matete, na kijito kinapita katikati. Mvua zikishika, korongo wenye taji walishuka, dume na jike, wakaanza kuinamiana na kurukaruka kama watu wa harusi. Ulikuwa unakata matete ya kusukia majamvi, lakini wakishashuka hukukata tena katikati, ulikata pembeni tu, na ole wake mtu apeleke ng'ombe huko. Mimi nilipita njia ya juu na magunia ya kahawa, wewe uko chini umenipa mgongo, na nakusikia: "Korongo wangu, laleni salama. Watu wanasema bonde hili ni la bure. Nyie mnajua si la bure." Nilisimama pale mara nyingi kuliko nilivyohitaji kupumzika. Nilijifunza kusikiliza minana wakigombana kwenye matete na kwarara wakilia jioni wakirudi. Mimi, mtu wa mpakani, niliyekuwa najua ndege ni kuku na bata!

Ndipo ikaingia homa ya mikaratusi. Kila mwenye bonde alipanda, maana tuliambiwa mti ni maji, na nguzo na mbao zilikuwa zinatafutwa sana Tunduma. Miti ikapanda kweli, mirefu, mizuri. Chini yake chemchemi zikanyamaza moja moja. Wanawake wa ng'ambo ya kilima wakaanza kuja kuchota kwako. Yohana, mwanao mkubwa, naye akaotesha miche kwenye makopo, akaipanga uani kwako, akisubiri. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha.

Ulipolala kitandani, nilikuja nikasimama nje ya dirisha. Kuku mmoja alikuwa anachakura pale chini, nikasikia sauti yako, imekuwa nyembamba: "Wewe kuku, mimi naondoka. Lile bonde, nani atalisemea?" Ulijua kabisa mkwe hana mdomo kwenye kikao cha ukoo wa mkewe. Na bado uliniuliza mimi. Nikashika usukani wa baiskeli, nikasema, "Baiskeli, umesikia. Tutalisemea." Hukukohoa safari ile. Uliniitikia tu, "Haya."

Siku ya kuondoa msiba, wakwe tulikuwa upande wetu, tunapasua kuni na kugeuza nyama. Ukoo ulikaa kivulini. Nikamsikia Yohana akisema miche ishuke bondeni wiki hiyohiyo. Eliza akapinga, akaambiwa yeye kaolewa. Mtu mmoja akauliza, "Na korongo je?" Yohana akajibu, "Korongo si ndege? Watalala juu ya miti." Wakatikisa vichwa, wakakubali.

Mama, jasho lilinitoka, na si la moto. Nikasimama wima, kisu cha nyama mkononi, nikawageukia kuku wako waliokuwa wanagombea mabaki. Nikapaza sauti kama wewe.

"Nyie kuku! Korongo analala juu, sawa. Lakini anazalia wapi? Anazalia chini, kwenye maji, katikati ya matete! Na nyie mnakunywa wapi? Mikaratusi imekausha kule ng'ambo, hapa itashindwa? Mtu akitaka kupanda, kilimani kwangu kuna nafasi, mwambieni aje apande. Mimi sijasema na mtu. Nasema na kuku!"

Nyama ikaanza kuungua. Nikasema moyoni, leo nimefukuzwa ukweni. Mara mdogo wako, mama mdogo wa Eliza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka, halafu machozi yakaja, akasema, "Huyo ni dada anaongea. Jamani, huyo ni dada yangu kabisa! Yohana, kuku wamesikia. Wewe je?"

Yohana aliinamisha kichwa. Akasema wangoje msimu mmoja, waone kama korongo watashuka bila wewe. Wasiposhuka, miche inaingia.

Sijawahi kungoja mvua namna ile. Mvua zikaja, matete yakasimama, bonde likajaa bata maji, korongo hakuna. Nilikuwa nikipita njia ya juu bila mzigo wowote, nikisimama tu. Eliza aliacha kuniuliza natoka wapi. Yohana naye sikumlaumu, maana nilimwona akipita upande wa pili, naye amesimama.

Halafu asubuhi moja simu ikalia. Yohana, anahema: "Shemeji! Shemeji, wameshuka! Njoo upesi, wanacheza!" Nilishuka mbio nikaacha viatu vyote viwili. Tulisimama na Yohana bega kwa bega, watu wazima na mvi zetu, tunalia kama watoto. Aliwafukuza ng'ombe mwenyewe msimu ule wote. Vifaranga walipotoka, alinipigia tena. Miche yake imekua huku kilimani kwangu, kijito bado kinatiririka, na korongo hawajakosa kushuka tangu hapo. Mwaka huu nimemsikia Yohana, amewapa watu mgongo, anawaambia korongo habari za ada ya mwanawe.

Nilikupenda, mama. Neno hilo sikulisema hata kwa baiskeli, na lilikuwa linanikaa kooni kila nilipopita ile njia.

Eliza anauliza kama barua hii itakwenda kaburini. Hapana, huko ni kukufuata mpaka chumbani, mkwe gani huyo? Kesho asubuhi nitashuka nayo bondeni, nisimame pale pale, nigeuze uso, niwasomee korongo kwa sauti kubwa. Wewe endelea na kazi zako. Ukiisikia, kohoa tu.

Mkwe wako,
Mulishani