Wamesema Kelele Hazijazidi

Mume wangu mdogo,

Miezi minne! Hata aliyezikwa hutembelewa. Mimi ni mzima, mguu tu ndio unagoma, na hali yako nakuuliza huku nimekasirika: unakula? Unalala? Mama yako anasema umesimamishwa kazi, umejifungia chumbani kama kuku anayeatamia. Toka humo.

Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwonya asiongeze neno wala asipunguze.

Kiwanda cha kukata mawe kinaendelea. Msumeno unaanza kabla chai haijachemka, vikombe vinacheza kabatini, na binti mdogo wa fundi huyu akiitwa kwa nyuma hageuki tena. Juzi tulimfuata meneja. Akatutolea cheti cha ofisi yenu ya kupima kelele, akasema vipimo vilichukuliwa dirishani kwangu na kelele hazijazidi kiwango, kwa hiyo labda tunasumbuliwa na mikoromo yetu wenyewe. Mshenzi yule! Ningekuwa na meno ningemng'ata.

Lakini majirani ndio walioniwasha zaidi. Siku ile ya mkutano, ulipokuja kutusomea matokeo, walikuita mla rushwa mbele yangu, kisha wakakushtaki kwa wakubwa zako. Aliyepaza sauti kuliko wote ni huyu aliyeshika kalamu. Andika, fundi, andika! Wewe ulijitetea kwamba kipima kelele ni kama sikio, husema kile kilichosikia tu, na sikio likizibwa halisikii.

Mjukuu wangu, niliyeliziba ni mimi.

Ulipokifunga dirishani kwa zile siku saba, uliniambia nikitunze kama mtoto mchanga. Vumbi la mawe likakimwagikia, kikawa cheupe kama kimetoka kwenye pipa la unga. Nikakionea huruma. Nikakivisha kofia yako ya sufu ya utotoni, nikakizungushia blanketi langu zito mara mbili. Asubuhi ya wewe kuja kukichukua nikakifungua, nikakipangusa, ukanisifu kwa usafi. Nami nikafurahi, mjinga mimi!

Mkutanoni nilipoelewa, nikanyamaza. Niliogopa kuchekwa. Unatukanwa, nami nimekaa kiti cha mbele, mdomo nimeufumba. Hasira zote hizi ninazomwaga, fungu kubwa ni langu.

Hapa fundi aliacha kuandika kwanza, akanikodolea macho. Nimemwambia naye ana radhi ya kukuomba. Ameinamisha kichwa, anasema ni kweli, na hilo ameliandika mwenyewe.

Msalimie mama yako, mwambie mguu ni ule ule. Ukija, usipenye uchochoro wa nyuma. Pita barabarani, mchana kweupe, kifaa mkononi na mkubwa wako ubavuni. Mkalishe kwenye kiti changu, uache mlango wazi. Nitamweleza mwenyewe, na majirani wasikie.

Mimi bibi yako,
mkaidi wa dirishani.