Kaktasi Iliyoitwa Dorine

Mwihoko, Ruiru
21 Julai 2024

Mpendwa dada Dorine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Mgongo unaendeleaje, na huko Kanada joto limefika kweli au mnadanganywa tu? Sisi tupo, tunajikaza. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali.

Najua tangu mazishi hulali vizuri. Kumtazama mama yako kwenye simu akizikwa si jambo la kuzoea. Hata mimi niliyebeba jeneza bado namtolea Mama kikombe chake cha chai.

Sasa, ile kaktasi uliyomwachia Mama kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo ulipokuwa ukisafiri imechanua. Unakumbuka alivyoita kila mmea kwa jina la aliyempa. Mchaichai ni Ngina, rozimeri ni Nimisha, yule wa Thika aliyekuwa akimshonea nguo, na kaktasi ikawa wewe. "Ngoja nipatie Dorine maji," anasema, wageni wanabaki kushangaa.

Aliyekuuzia alisema inaitwa kaktasi ya Krismasi, basi kila Desemba Mama aliikagua kama anayetafuta chawa. Hakuna kitu. "Huyu atatoa maua siku atarudi," alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Jana Nimisha alikuja kutupa pole, akaiona. Anasema jina hilo lilitoka kwa watu ambao Desemba yao ni ya baridi. Kwetu baridi ni Juni na Julai, na mmea huu bila baridi hauchanui.

Dorine, nililia mbele ya mgeni. Kila Juni Mama aliibeba hadi jikoni, akaiweka karibu na jiko na kuizungushia leso yake ya kujitanda, eti Dorine asipate baridi. Mwaka huu alikuwa amelazwa hospitalini, nasi tukaisahau nje. Imechanua kwa sababu Mama hakuwepo kuiingiza ndani. Inaniuma sana.

Maua ni mekundu, yamejaa hadi mkebe hauonekani. Nimisha aliomba kipande, nikamkatia. Kwake kitaitwa Mama Dorine.

Msalimie shemeji Mugo na watoto. Mke wangu Ciku anawasalimu nyote. Mungu awalinde huko mliko.

Leso ya Mama nimeiweka kwenye kifurushi hiki pamoja na barua. Sijaifua. Kaktasi haikuihitaji. Desemba ikifika, jifunike wewe.

Mdogo wako akupendaye sana,
Gachau