Kokoto Mbili za Sesilia

Shikamoo, Mwalimu Otmari.

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote nimeinuka kwenda kuchungulia sufuria isiyokuwa na haja ya kuchunguliwa. Unanijua. Ulikuwa ukisema, "Winfrida, kaa chini, miguu yako inamchosha anayekutazama." Haya, nimekaa. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, hapa Mbaha, nyuma ya darasa tuliloazimwa. Ziwa limechafuka kidogo tangu asubuhi. Walezi wapya wanane wako upande wa pili wa ukuta na wananisema. Najua wananisema kwa sababu kila nikipita wanaanza kusifia hali ya hewa.

Ndiyo, kozi ya walezi imerudi. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na watoto wa Jumamosi wamekaa muda wote huo, na hata kabla yake, bila matembezi, bila michezo, bila mtu wa kuwaongoza kwenda hata mtoni. Padre mpya alipofika parokiani akauliza watoto wanafanya nini siku za Jumamosi. Akajibiwa kwamba wanakaa mbele ya lile lililokuwa duka la ushirika kutazama redio zinazouzwa. Usishangae, sasa ni duka la mtu binafsi. Kuna redio, kuna mitumba, na sukari imejaa hadi inamwagika, hakuna anayepanga foleni tena. Wanunuzi wa kahawa nao wanapanda hadi kwenye ngolo zetu, mashamba yetu ya mashimo mlimani, na mizani begani. Ungesema dunia imekuja Mbinga yenyewe bila kualikwa.

Basi padre akaniita. Akasema wanaonijua wanasema nilikuwa mkono wako wa kulia, kwa hiyo niwafundishe walezi wapya. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, halafu nikaenda nyumbani nikashona gauni la mteja likiwa limegeuzwa nje ndani. Nilijitokeza hivyohivyo tu, Mwalimu, kwa aibu ya kukataa.

Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Swali la kwanza, hata "Shikamoo" haijapoa, lilikuwa, "Mama, posho ya semina ikoje?" Nikawajibu kama ulivyokuwa ukijibu wewe, kwamba posho ni ugali na anayeupika ni wewe mwenyewe. Watatu wakakumbuka kwamba wana mgonjwa nyumbani. Waliobaki ni wale waliokuja na blanketi zao, na hao ndio niliokuwa nawataka.

Nimewafundisha kama ulivyonifundisha mimi, na zaidi ya pale ulipoishia sina. Nimewatembeza kwa miguu mteremko wa Ruanda, kile kijiji cha njiani kuja ziwani, maana njia usiyoitembea mwenyewe humpeleki mtoto wa mwenzako. Nimewawashisha moto kwa kuni mbichi mvua ikinyesha. Nimewachezesha rede hadi yule mzee Longinus, fundi seremala mwenye heshima zake, akaruka mpira na suruali ikachanika nyuma. Tulicheka hadi nikaona haya kwamba nacheka bila wewe.

Ila wa nane kwenye orodha ni Mama Berna. Yuleyule. Nilipoliona jina lake nilitaka kumwambia padre kwamba nimeugua.

Kabla hatujaondoka Mbinga, mwenyekiti wa wazazi alinivuta pembeni. Akasema, "Uwaeleze vizuri, wasije wakafanya uzembe kama wa marehemu." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha usisahau chumvi. Nami, Mwalimu, niliitikia "sawa." Tangu pale sijalala vizuri, na mikono yangu inatafuta kazi hata pale ambapo kazi haipo.

Acha nikuambie sasa, maana ulikufa hujui.

Unakumbuka lile kopo lako la mafuta ya kupikia. Wazee wetu hawapendi mtoto anyooshewe kidole na kuhesabiwa kama mbuzi, nawe uliwaheshimu. Ukatunga njia yako. Kabla ya kuondoka mahali popote, kila mtoto anaokota kokoto moja na kuitupa ndani ya kopo, kisha mlezi anahesabu kokoto. Watoto arobaini na mmoja, kokoto arobaini na moja, twende. Kwa miaka yote njia ile haikutuangusha hata siku moja. Hadi siku ile hapahapa Mbaha, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia mara ya kwanza kununua kahawa.

Kopo nililishika mimi. Watoto walikuwa wametoka kuoga, wanatetemeka, wanasukumana. Akaja Sesilia, yule mwembamba, binti wa mpiga kengele. Akatupa kokoto mbili. Niliziona, Mwalimu. Nilizisikia zikigonga bati, moja, halafu nyingine. Akaniambia, "Hii ya Berna, anakuja." Nami nikatabasamu.

Nilitabasamu kwa sababu hata mimi nilikua hivyo. Miaka ya shida, foleni ya sukari ikizunguka duka la ushirika, ukitaka kwenda kunyonyesha au kuchota maji unaacha jiwe mahali pako, na aliye nyuma yako analilinda. Hakuna mtu aliyethubutu kuruka jiwe la mwenzake. Bombani ilikuwa hivyohivyo. Watoto walijifunza kwetu kwamba jiwe likiwepo, mtu yupo. Sesilia alimshikia mwenzake nafasi, na kwa malezi yetu alikuwa amefanya jambo jema.

Nikahesabu. Arobaini na moja. Nikakupungia mkono, ukapiga filimbi, lori likaondoka.

Tulifika Ruanda ndipo tukagawa ndizi, moja moja, na moja ikabaki kikapuni. Uso wako ule sijausahau. Ulishuka na kurudi mwenyewe na lori lile, ukituacha na watoto shuleni pale. Ukamkuta Berna kwa bibi mmoja mwanika usipa, amekaa kwenye mkeka, amefunikwa kanga, midomo imekauka. Alikuwa ameenda kutazama dagaa wale wakianikwa, na aliporudi sisi tulishaondoka. Alilikimbilia vumbi la lori ufukweni hadi bibi akamshika mkono. Miaka minane alikuwa nayo.

Kikao cha wazazi unakikumbuka kuliko mimi. Waliuliza nani alihesabu. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilikuwa nimefungua mdomo, hilo naweza kuapa, ila wewe ulisimama kwanza. Ukasema, "Kiongozi ni mimi. Kosa ni langu." Nami nikaufunga mdomo, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Wakakuondoa. Mtu aliyewafundisha watoto wao kuogelea, kusoma mawingu, kufunga mfupa uliovunjika, wakamwondoa kwa kura ya kunyoosha mikono.

Kama ungenyamaza baada ya pale ningejisamehe mapema. Lakini wiki moja baadaye nilikuja kwako na mahindi mabichi, nikakukuta unasugua kopo kwa mchanga. Ukaniuliza, "Winfrida, kokoto zilikuwa ngapi?" Nikasema, "Arobaini na moja, Mwalimu." Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Ukasema basi labda ilibaki moja ya safari iliyopita, labda hukulikung'uta vizuri. Ukaanza kunieleza ulivyolikung'uta asubuhi ile, jinsi ulivyolipindua, ulivyolipiga kwa kiganja. Kila nilipokuja ulinieleza tena. Hata ulipolala na ile homa yako ya mwisho ulinieleza. Mtu aliyekuwa akijua kila mtoto analalia ubavu gani, alikufa anajiuliza kama alikung'uta kopo.

Nilikuwa nakusikiliza huku nakupepea. Mungu ananiona.

Sasa sikia ya leo. Baada ya chai niliwaambia walezi wawe watoto. Waende majini, wacheze, halafu nikipiga filimbi waje na kokoto. Nikalishika kopo, si lile lako, lingine. Sikuwa na mpango wowote wa kusema. Nilitaka tu zoezi liishe tule, turudi Mbinga, nami nibaki na siri yangu hadi kaburini. Wakaja mmoja mmoja wakitupa. Akaja Mama Berna, maji yanamchuruzika. Akatupa yake. Halafu akatupa ya pili, akasema bila hata kufikiri, "Hii ya mzee Longinus, ananawa miguu."

Mwalimu, kopo lilinitoka mikononi.

Wakadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Wakaniletea maji, wakanipepea. Mama Berna ndiye alinishika kichwa. Nikamwambia akiwa amenishika vilevile, kwamba siku ile ya mwanawe ilikuwa hivi hivi, mtoto mmoja alitupa kokoto kwa niaba ya Berna, aliyeshika kopo ni mimi, niliona, na Mwalimu Otmari hakuwepo hata karibu. Jina la Sesilia sikulitaja. Wewe nakutajia kwa sababu hutamsuta.

Hakuniachia kichwa mara moja. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukusema akiwa hai?" Halafu akasema jambo ambalo limenifukuza kule kwa wenzangu likanileta kwenye ndoo hii.

Alisema, "Siku ya msiba wake nilisikia kengele. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua."

Unajua alikuwa jirani yako wa nyumba ya tatu. Hakuja kulia, hakuleta kuni, hakuja hata arobaini. Nilimwona hayupo na nikamlaumu moyoni, nikasema huyu mama ana roho ngumu. Kumbe mlango wake niliufunga mimi. Nilikunyima jirani siku ya kuzikwa kwako, na yeye nilimnyima nafasi ya kukuzika. Hilo halirudi, Mwalimu, hata nikisema kwa tarumbeta.

Walezi hawajaondoka. Nilidhani watafungasha blanketi zao, lakini mzee Longinus aliokota kokoto zilizomwagika akazirudisha ndani ya kopo, akasema tuanze upya. Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa kila mtoto atatupa yake huku akitaja jina lake mwenyewe kwa sauti, na mlezi amtazame usoni, na mtu asimtupie mtu. Mchana tumelirudia zoezi hilo mara sita. Wamechoka, wamenikasirikia, na wameshaliweza.

Mama Berna naye amebaki. Hajaniambia amenisamehe, wala sijamwomba. Alikuja hapa muda si mrefu, akasimama nyuma yangu, akasema, "Jumapili baada ya misa utasema mbele ya wazazi wote. Nitakaa benchi la mbele nikusikie." Akaenda kuonja mboga.

Naogopa. Sitakudanganya tena. Huenda wakaniondoa kama walivyokuondoa wewe, na kundi likafa mara ya pili, na watoto wakarudi kutazama redio. Nimejaribu kutafuta namna ya kusema nusu, ya kusema kwa mafumbo, ya kumwachia padre aseme kwa niaba yangu. Kila namna niliyoipata ina harufu ya benchi la tatu. Nikiondolewa, hawa wanane wanatosha. Umewafundisha wewe, mimi nilikuwa njia tu ya kupitishia.

Nakuaga, Mwalimu wangu. Ulale penye nafasi, na huyo Mungu uliyekuwa ukimwimbia kwa sauti mbaya vile akupokee. Naahidi nitasimama Jumapili. Sitasubiri mtu mwingine asimame kwanza. Nikitoka kanisani nitapitia kaburini kwako, pale nyuma ya nyumba yako, na Mama Berna, kama atakubali. Amesema hana uhakika kama anaijua njia, na ni nyumba tatu tu.

Hukukosea, Mwalimu. Ulilikung'uta vizuri.

Winfrida