Ndugu wa Chungu Kimoja

Kaka yangu Wiebren,

Hamjambo huko Friesland? Mgongo wako unaendeleaje, na kondoo wamezaa salama? Mimi mzima wa mwili, ila haradali zimenitoa roho.

Si unajua kazi yetu ya haradali kwenye banda la vioo la kupandia mimea. Profesa Aleida anaamini mimea ya mama mmoja ikiwekwa chungu kimoja hutambuana, kila mmoja ukapunguza mizizi ili mwenzake naye apate chakula. Iliyo wageni hunyang'anyana. Miaka mitatu sasa mwanafunzi wake, Sanne, anapanda, nami namwoshea mizizi uzi mmoja mmoja. Nimechoka, Kaka, nimechoka kweli!

Tumepima jaribio la mwisho. Vyungu vya ndugu vimejaa mizizi sawasawa na vya wageni! Joris, anayemwagilia maji, amecheka akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Eti hata yeye na dada zake hawajawahi kugawana sahani ya chipsi bila kununiana. Mtu hana haya huyo. Profesa naye kasema jaribio halina maana, na Sanne anataka kuacha masomo akauze maua sokoni na mama yake.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mwezi wa Machi Joris alipata binti, akatuletea mikate mikavu iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa vipunje vya sukari vya rangi ya waridi vyenye mbegu ya anisi ndani, kama ilivyo ada yetu mtoto akizaliwa. Kula kwenye meza ya kupandia ni marufuku, nasi tukala hapo hapo. Nilipogeuka kumpongeza, kiwiko changu kikapindua visahani viwili: mbegu za mama mmoja, na mbegu za mama mbalimbali, zote za jaribio hili, zikachanganyika pamoja na vipunje. Vipunje nilivitoa vyote. Mbegu nikazigawa kwa kukisia, nikanyamaza.

Hao ndugu hawakuwa ndugu, Kaka. Haradali hazina kosa.

Jana Sanne alinikumbatia akilia. Akasema amerudia kukagua kazi ya kila mtu, hata yake mwenyewe, isipokuwa yangu, kwa sababu Dada Tjitske hakosei. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikishatia barua hii kwenye sanduku la posta nakwenda kwa Sanne nikamwambie. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nisalimie wifi Baukje na watoto, na mniombee ulimi usinikwame mlangoni.

Mdogo wako,
Tjitske