Sakafu Imeanza Kumwagiwa Maji Tena

Baba,

Kuna jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Ni mimi niliyekufanya uache kulalamika.

Unakumbuka ile jioni ulirudi kutoka kiwanda cha vigae nyusi zikiwa nyeupe? Miaka yote mlikuwa mnamwaga maji kwenye sakafu ya stoo kabla ya kufagia, ili vumbi litulie. Sasa msimamizi alitaka mfagie kavu, mchekeche unga wa zirkoni uliomwagika, ule mchanga uliosagwa, muurudishe kwenye gunia. "Wazee, hiyo si vumbi, ni pesa." Ulikuwa umepanga na wenzako mwende ofisini kukataa. Halafu ukaniuliza, kwa mzaha wako, "Haya Profesa, hii mchanga imekuwa dhahabu lini?"

Nikafurahi kuulizwa. Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti lililofungiwa nyama. Nikakueleza kwamba zirkoni ndiyo inayofanya vigae viwe vyeupe, kwamba Wachina wanajenga miji mizima na kila nyumba inataka vigae, na migodi mikubwa ni michache, Australia na Afrika Kusini. Mgodi mpya huchukua miaka kufunguliwa. Hata mchanga wetu wa Kwale bado umelala ardhini. Wanunuzi wengi, mzigo kidogo, bei inapanda. "Kampuni haina njia, Baba." Nilisema hivyo. Ukanitazama kama mtu aliyezaa waziri. Hukwenda ofisini. Uliwaeleza wenzako kama nilivyokueleza, nao wakanyamaza.

Daktari alisema mapafu yako yamejaa vumbi la mawe. Nilijua limeingiaje.

Nina hasira, Baba. Lile gazeti lilitaja wauzaji na wanunuzi, halikumtaja anayefagia. Msimamizi alikuja kwenye mazishi yako na kreti mbili za soda, akasema ulikuwa mfanyakazi mwelewa. Mwelewa! Nami nikampa mkono. Nikasema asante.

Na sikia hii. Ujenzi umepungua huko ng'ambo, viwanda vinanunua kidogo, zirkoni imeshuka bei. Jumapili baada ya kanisa, Baba Nashipai, rafiki yako wa Mashuuru anayefagia mahali pako, alituambia akicheka kwamba sakafu inamwagiwa maji tena. Maji, Baba. Mfereji ulikuwa pale pale siku zote.

Jana baada ya masomo nilikwenda kwenye geti la kiwanda nikiwa na sare. Wenzako walipotoka nilivitazama viatu vyao, unajua vile huwa naona haya, nikawaambia kwamba maneno yako yalikuwa yangu na kwamba nilikosea. Bei itapanda tena, nikasema. Mkiambiwa mfagie kavu, mkatae.

"Na wakitufuta kazi, Profesa?" Baba Nashipai aliniita kwa lile jina lako.

Hilo sijalisoma popote. Nikasema tutaingia ofisini pamoja.

Pumzika, Baba. Siku hiyo ikifika nitaingia nao hata nikitetemeka. Niliwaahidi wao, sasa nakuahidi wewe.

Kutoka getini nilitembea hadi nyumbani. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia zima jiko kwanza, uketi. Akaketi, nikamwambia yote.