Mgono Ulioachwa Wazi Mkiani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kusema nawe.

Nimerudi maabara, huku ughaibuni. Pangani niliwaacha wote wazima. Madukani huko sasa kumejaa nyavu za nailoni na za waya. Ile miaka ya foleni ya sukari, ulipofumua magunia ili upate kamba, inaonekana kama ya watu wengine.

Kuna jambo linanisumbua. Siku ya hitima yako, wenzangu wakilia, mimi nilifurahi.

Uliacha mgono mmoja, mtego wa samaki, ukutani hujaumaliza: mwili mrefu wa mianzi, matundu yote ya pembe sita, mkia wazi, ncha zimechomoza. Niliutazama, nikasahau kisomo. Ndivyo vilivyo vibomba vya kaboni ninavyovikuza tanurini, vyembamba mno hata hadubini ya kawaida haivioni. Kila atomu imeshika jirani zake watatu, isipokuwa zile za ukingoni, ambazo zina mkono mmoja usio na wa kushika. Kwa nini basi ukingo haujifungi mapema? Nikakumbuka ulivyokuwa ukiubana mgono kwa goti ukisuka. "Nikitoa goti tu, mwanangu, unajikunja." Nikawaza: goti ni ile chembe ya chuma ninayoitia tanurini ili kibomba kiote juu yake. Ikiushikilia ukingo, kaboni huongezeka hapo na kibomba hurefuka. Ikiachia, hujitokeza matundu ya pembe tano, ukingo unapinda, unafungana kama kuba. Hakirefuki tena, wala hakifumuki.

Nilitabasamu, Baba. Shangazi akaniona, akanivuta kifuani: "Lia, mwanangu, usijizuie." Nikamwacha aamini kwamba ni uchungu.

Kesho yake nilimsihi mdogo wangu Hamisi asiuguse mgono, niondoke nao. Akacheka, mara ya kwanza tangu uzikwe.

"Dada, mgono usio na mkia utakamata nini? Upepo? Huu Baba alikuwa ananisukia mimi."

Nikamshikia fito, nikasuka matundu machache, akaufunga mkia. Tundu langu moja likatoka na pembe saba, likafutuka. "Hapo samaki atapenya, akuombee dua," akasema. Jioni akautega mtoni.

Sasa naogopa. Huenda nimeipenda hoja hii kwa kuwa imetoka kwenye goti lako, si kwa kuwa ni kweli. Chuma hakina goti. Pengine atomu za ukingoni hushikana zenyewe, na chuma kipo tu karibu. Wala sijui kama furaha ile ilikuwa kukusahau, au kuwa nawe. Nimejiuliza mara nyingi, na kila jibu linanitetea mno.

Nakuahidi hili: nitawasha tanuri bila chuma. Vibomba vikirefuka hata hivyo, nitakubali kwamba nimekosea, wala sitalazimisha kumbukumbu yako inibebee hoja. Na shangazi nitamwambia ukweli wa tabasamu lile.

Pumzisha goti, Baba. Hamisi ameshaufunga.

Binti yako,
Zuhura