Kompresa ya Maparoni Sasa Inangoja

Kaka Hamadi,

Assalaam aleikum huko uliko, kama salamu zinafika. Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu wa kuyumba, na bado naona haya kukuandikia. Unanijua. Ulikuwa ukiniita Bi Kimya mbele ya wageni mpaka nakimbilia jikoni. Sasa hakuna anayeniita hivyo, na ukimya wangu umebaki ukimya tu.

Arobaini yako tumeisoma. Kabla ya siku hiyo Shangazi Mwajuma alitoa vitu vyako vyote, akavianika uani juu ya jamvi: nguo, viatu, hata lile kopo la chipu zako za mitambo. Ile chipu ya akiba, uliyoweka nakala ya programu ya kile chumba cha baridi cha Maparoni, aliiona ina karatasi nyeusi mgongoni. Akadhani ni uchafu. Akaibandua kwa kucha, akaifuta kwa kanga, kidirisha chake cha kioo kikabaki wazi. Ikashinda juani pamoja na mpunga, kila kukicha anaitoa tena. Nilipomweleza kwamba jua hufuta kilichoandikwa ndani, aliketi chini palepale. "Yaani nimemfuta mwanangu, mimi?" Nilikasirika, kaka. Nilimkasirikia yeye, na jua, na wewe.

Wewe hasa. Tangu ile homa iliyokuchukua.

Maana ulinifundisha mwenyewe. Ulisema kwenye kompyuta ya kawaida kuna programu kubwa inayozipanga nyingine, wewe ngoja, wewe pita. Kwenye chipu hakuna mkubwa. Umeme ukiingia, mstari wako wa kwanza ndio unaoamka, na kuanzia hapo kila kitu ni juu yako, ukiwahi ama ukichelewa. "Jibu likichelewa si jibu, Mwanaidi, hata kama ni sahihi." Ukacheka, ukaninyang'anya kipande changu cha muhogo. Kisha gari lililokupeleka hospitali likanasa topeni, tukasukuma mpaka miguu ikazama. Tulipofika, dawa ilikuwepo. Dawa ilikuwa sahihi. Nilikushika mkono huku maneno yako yakijirudia kichwani, nikayachukia.

Sikulia. Mazishini wakanong'ona ati binti ana moyo mgumu.

Halafu Mzee Shomari, mwenye chumba cha baridi, akaleta ujumbe kutoka Maparoni. Jenereta yake ikikata na kurudi mara hiyo hiyo, kompresa ya chumba cha baridi inawaka papo hapo kabla haijatulia. Inaunguruma bila kuzunguka, waya zinanuka. Aliapa kamba wake wakioza tena, kisanduku chako kinachoiwasha na kuizima kompresa atakitupa kwenye mikoko amweke mtu wa kubonyeza swichi. Kaka, kile kisanduku ndicho kitu chako pekee ambacho bado kinafanya kazi duniani.

Ulilijua tatizo. Programu inaipumzisha kompresa ikiizima yenyewe, lakini umeme ukikatika chipu inasahau yote, inaamka kama imezaliwa leo. Ulisema utalirekebisha baada ya Idi.

Nikasubiri fundi wa kuchomelea awashe jenereta yake nipate umeme, nikafungua kompyuta yako. Programu ilikuwemo, amri kwa Kiingereza na pembeni maelezo yako kwa Kiswahili, ili nielewe. "Hapa chungulia joto." "Hapa usikimbilie." Ni sauti yako kabisa. Nilifunga, nikatoka uani, nikarudi kesho yake.

Amri ya kungoja nikaiweka mwanzoni kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. Nilihitaji chipu tupu, na duka la karibu liko Dar. Tupu ilikuwepo moja tu: ile ya shangazi. Nilipomwambia jua lake limenisaidia, alinitazama kama namfariji tu.

Nikaiandika programu ndani yake, nikafunga balbu mahali pa kompresa. Balbu haikuwaka. Nikangoja muda wote uliopangwa, nikazidisha. Wapi! Shangazi mlangoni akasema, "Nimeiua, sema tu." Nikasoma upya maelezo yako mpaka nikafika penye kile kisaa cha ulinzi, kinachoianzisha chipu upya kikidhani imezimia. Uliandika: "Hata ukiwa unangoja, kila mara mwambie upo." Mimi nilingoja kimya. Kisaa kikawa kinanirudisha mwanzo, tena na tena, na mwanzo wenyewe ni kungoja. Nikaona aibu, kisha nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikairudisha chipu juani, sasa kwa makusudi. Shangazi ndiye aliyekuwa akiigeuza. Ilipofutika nikaiandika upya, na safari hii balbu ikangoja, kisha ikawaka.

Maparoni nilikwenda naye. Wavuvi na wanunuzi walijaa mlangoni na matenga yao ya kamba, nami nikafungua kisanduku, nikapachika chipu. Mzee Shomari akazima jenereta, akaiwasha hapo hapo. Kimya. Mmoja akasema, "Imekufa hiyo, leteni barafu." Nikasema, "Inangoja." Sidhani kama walinisikia. Tukasimama. Halafu kompresa ikashika, taratibu, bila kunguruma, na chumba kikaanza kupoa.

"Nani kaitengeneza?" Mzee Shomari aliuliza.

Nikasema, "Kaka."

Akanisogelea. "Kaka yako tumemzika, mwanangu. Nauliza hili la leo."

Neno "mimi" ni fupi, kaka, na sikuweza kulitamka. Nikilitamka, maana yake wewe huji tena kulirekebisha tatizo baada ya Idi wala baada ya chochote. Ndipo nikalia. Nililia mbele ya watu wote wale, kifuani kwa shangazi, na wanunuzi wakajifanya wanapanga matenga.

Mungu akulaze pema, kaka yangu. Hasira imekwisha, nisamehe kwa ile iliyokufuata mpaka kaburini. Kwaheri. Nakuahidi wakiniuliza tena nani kaitengeneza, nitasema ni mimi, na nitasema wasikie.

Mdogo wako,
Mwanaidi